Mtoto wa Kokugonza Mikononi mwa Shamsa

Mwaka ule kahawa ilikuwa na bei nzuri, na kila lori lililotoka Bukoba kuja Kagoma lilileta kitu ambacho watu hawakuwa nacho mwaka uliotangulia: baiskeli, taa za mafuta, sabuni za kunukia, na maziwa ya makopo. Vitu hivyo vilishushwa kwenye duka la Burhani, mfanyabiashara mwenye asili ya pwani aliyezaliwa Bukoba mjini. Barazani pake alikaa Josia, fundi cherehani, Mlutheri mpole asiyependa ugomvi na mtu. Kokugonza alikuwa mke wa huyo Josia.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mtoto wao wa kwanza, Kaijage, alikuwa na miezi saba, na alikuwa mnene kiasi kwamba watu wakitoka kanisani walisimama kumfinya mapaja. Hakulishwa kitu cha ajabu. Alinyonya kila alipotaka, na alikuwa ameanza tu kuonja ndizi iliyopondwa. Kokugonza mwenyewe alikuwa mwembamba. Mashavu yake yaliingia ndani tangu usichana, na uzazi ulikuwa umemwachia tumbo lililolegea, lenye michirizi. Hakuwa amelifikiria sana tumbo hilo. Lilikuwa kama la dada zake na la mama yake.

Siku moja Burhani alitoka dukani, akasimama karibu na cherehani.

"Fundi, kampuni ya maziwa inataka picha ya mama na mtoto, waitangazie bidhaa yao. Mtoto kama wako sijamwona hata mjini. Mwambie Mama Kaijage aje naye nyumbani kwangu Bukoba Jumamosi."

Josia alimshonea mkewe gauni la buluu kwa siku tatu. Kokugonza alisuka nywele, akajipaka samli shingoni na mikononi, akapanda basi na mtoto mapajani. Njiani aliogopa kitu kimoja tu, kwamba gauni litakunjamana.

Uani kwa Burhani palikuwa pametundikwa shuka jeupe. Mpiga picha alikuwa ametoka Kampala, na pamoja naye alikuwapo Mzungu wa kampuni, mwenye kaptula na kijitabu. Walimkalisha Kokugonza kwenye kiti. Mpiga picha akachungulia kwenye kamera yake, akainua kichwa, akamtazama kwa macho yake mwenyewe, akachungulia tena. Kisha wakaanza kuzungumza Kiingereza. Kokugonza hakujua lugha hiyo, lakini aliona kidole cha mpiga picha kikipita hewani kutoka usawa wa shavu lake, kikashuka shingoni, kikafika tumboni, kikasimama hapo.

Burhani alikuja akijikuna kichwa. "Mama Kaijage, utusamehe. Mtoto anafaa sana. Ila wewe wanasema umechoka kidogo. Wanataka mama aliyejaa mashavu, mwenye kiuno. Ni mambo ya picha tu, usiyaweke moyoni."

"Kwa hiyo turudi nyumbani?" aliuliza Kokugonza.

"Hapana, hapana. Mtoto abaki."

Akaitwa Shamsa, binti wa kaka yake Burhani, msichana wa miaka kumi na minane aliyekuwa bado hajaolewa. Alitoka ndani na kanga mpya, meno meupe, kiuno chembamba. Alimpokea Kaijage kama mtu anayepokea sufuria la moto. Mtoto akalia. Wakamrudisha kwa mama yake nyuma ya mlango, akanyonya, akatulia, akachukuliwa. Akalia tena, akarudishwa tena. Mara nne ilikuwa hivyo. Mara ya nne alipotoka kunyonya, tone la maziwa lilibaki kwenye mdomo wake, na mpiga picha akafurahi sana, akapiga kelele lisifutwe. Shamsa akatabasamu. Kokugonza aliona hayo yote kupitia upenyo wa mlango, huku gauni lake la buluu likiwa wazi kifuani.

Jioni Burhani alimpa kopo la maziwa na doti ya kanga, akamsindikiza hadi kituoni. "Jambo moja," alisema. "Tusiseme kwamba mtoto si wa yule wa kwenye picha. Itaharibu biashara ya watu. Mwambie na fundi."

Josia alipoambiwa, alisugua kidole chenye alama za sindano. "Baraza ni lake," alisema hatimaye. "Tukikosana naye, cherehani nitaiweka wapi? Tunyamaze tu, Koku."

Wakanyamaza.

Picha ilifika Kagoma baada ya miezi mitano. Ilikuwa kubwa kama mlango wa banda, imetiwa rangi, na Burhani aliipigilia misumari ukutani, juu kidogo ya kiti cha Josia. Shamsa alikuwa ameketi wima, mashavu yanang'aa, kiuno kimebana. Kaijage alikuwa mapajani pake, mapaja yamejaa pete za nyama, tone la maziwa mdomoni. Chini yao paliandikwa kwa herufi nyekundu: MTOTO WANGU MNENE, NAMI NI MZURI KAMA SIKU YA ARUSI. SIRI YETU NI MAZIWA YA UA JEUPE.

Wanawake walikuja kutazama. Wasiojua kusoma walisomewa. Mmoja alimgeukia Kokugonza. "Bojo jamani, mtoto huyu amefanana na wako!"

"Watoto wote hufanana," alijibu Kokugonza, akamvuta Kaijage nyuma ya sketi yake. Moyo ulimpiga kana kwamba ameiba kitu.

Siku zile za kwanza hofu yake ilikuwa ndogo. Iliongezeka taratibu. Barazani palikuwa na kioo kirefu ambacho wateja wa Josia walijitazamia, na kioo hicho kilitazamana na picha. Kokugonza alipomletea mumewe chakula cha mchana alijiona humo, na nyuma ya bega lake alimwona Shamsa. Mwanzoni aliyaepuka macho ya picha. Kisha akaanza kupima. Shavu lile na shavu hili. Shingo ile na shingo hii.

Wateja nao walianza kudai. "Fundi, nibane hapa kiunoni kama mama wa picha." Wanaume waliokuja kuchukua suruali zao walisimama wakitania. "Mke akizaa abaki hivi, si kama hawa wetu." Josia alicheka nao, kama fundi anavyocheka na wateja. Hakuwa na nia mbaya. Lakini Kokugonza alikuwa amekaa pale na kikapu cha ndizi, na alisikia kicheko cha mume wake.

Wiki hiyo hiyo Josia alimshonea gauni jingine, la maua mekundu, akitumia kipimo alichokuwa akiwashonea wateja wote siku hizo. Alidhani atamfurahisha. Gauni halikufunga. Vifungo vitatu vya katikati viliachana, na tumbo likachungulia.

"Nitalipanua," alisema Josia.

"Usilipanue," alisema Kokugonza. "Mimi ndiye nitakayepungua."

Alichukua kitambaa kigumu cha marekani kilichobaki kwenye kazi ya mumewe, akakikata upande mrefu, akajizungushia tumboni mara tatu, akafunga mafundo mgongoni kwa kujipinda. Alikivaa kutwa. Alipalilia kibanja cha migomba nacho, akateka maji nacho. Pumzi yake ikawa ya juu juu. Chakula akawa anapakua kwa wengine, yeye akinusa tu na kusema ameshiba jikoni. Alitaka tumbo liondoke na mashavu yaje, na hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba vitu hivyo viwili haviwezi kutoka kwenye njaa moja.

Mashavu yalizidi kuingia. Kisha maziwa yakaanza kupungua. Kaijage alinyonya, akaachia, akalia, akashika tena. Mapaja yake yalilegea. Zile pete za nyama zilifunguka moja moja, ngozi ikabaki imejikunja kama soksi.

Hapo ndipo hofu ya kweli ilipomwingia. Kila alipopita barazani alimwona Kaijage wa ukutani, mnene vile vile, ameshiba, anacheka. Kisha alishusha macho kwa Kaijage wa mgongoni. Ilimjia fikra ambayo hakuthubutu kuitamka, yeye mke wa Mlutheri, aliyebatizwa na kupewa cheti. Yule wa ukutani anamla huyu. Walimchukua mara nne kutoka kifuani pangu, na mara ya nne hawakunirudishia mtoto mzima. Alijaribu kuomba, na katikati ya sala aliona tone lile la maziwa. Lilikuwa lake. Lilitoka mwilini mwake, na sasa lilikuwa mbali, limekauka kwenye karatasi, mdomoni mwa mtoto aliyeketi kwa mwanamke mwingine.

Alianza kupita njia ya nyuma, kwenye migomba, ili asilione duka. Haikusaidia. Akilala mchana na mtoto aliweka kiganja kwenye mbavu zake, akizihesabu, kisha akihesabu upya kwa kuogopa kwamba amekosea.

Mwishowe alifanya kile ambacho picha ilimwambia afanye. Alifungua kopo alilopewa na Burhani. Lilipoisha, Josia aliomba jingine dukani, na ili lidumu Kokugonza alilizimua kwa maji mengi, yakawa meupe kidogo tu, kama maji yaliyooshewa bakuli. Maji yenyewe aliyachota mtoni, hakuyachemsha. Hakuna aliyemwambia ayachemshe, na maandishi ya kwenye kopo yalikuwa ya Kiingereza.

Siku ya nne Kaijage aliharisha. Siku ya sita macho yalizama, na alipolia hayakutoka machozi. Ilikuwa mchana wa mvua. Josia aliacha nguo ya mteja ikiwa nusu kwenye cherehani, akampakia mkewe na mtoto kwenye baiskeli, wakaenda zahanati ya misheni kwenye matope. Mahali pa mlima walishuka wakakimbia kwa miguu. Kokugonza alikimbia na kitambaa tumboni, na kabla ya kufika aliona giza, akaanguka magoti chini bila kumwachia mtoto.

Mkunga wa zahanati alikuwa mama wa makamo aitwaye Penina, asiyekuwa na maneno mengi. Alimpokea mtoto, akaanza kumnywesha maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo na sukari, kijiko kwa kijiko. Kisha akamgeukia mama, akamwona anavyohema.

"Vua hilo gauni."

"Mimi siumwi, waitu mama. Ni mtoto."

"Vua."

Penina aliyaona yale mafundo. Alikata kitambaa kwa mkasi, na kilipodondoka palikuwa na mistari myekundu kuzunguka tumbo, mahali pengine ngozi imechubuka. Josia aliyekuwa mlangoni aligeuza uso wake nje, kwenye mvua.

"Nani amekufunga hivi?"

"Mimi mwenyewe."

Akamweleza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyasema yote kwa mpangilio: uani kwa Burhani, kidole cha mpiga picha, Shamsa, picha, kioo, gauni la maua mekundu. Alieleza mpaka fikra ile ya mtoto wa ukutani. Alingoja akemewe kwa ushirikina.

"Hakuna anayemla mtoto huyu," alisema Penina. "Mtoto ana njaa, na wewe una njaa. Utakula hapa mbele yangu, na atanyonya hapa mbele yangu, hata kama ni matone."

"Na kama hayatarudi?"

Penina hakumwahidi. Alimpa sahani ya ndizi na maharage, akakaa kumtazama akila.

Walikaa zahanati siku tisa. Siku tatu za kwanza hakuna aliyejua mtoto ataangukia upande gani. Kokugonza alikula kama mtu anayetimiza adhabu, akiogopa kila tonge kwamba linachelewa. Kaijage alinyonya kwa mdomo mkavu, akasinzia, akaamshwa, akanyonya. Siku ya nne alilia, na Kokugonza aliona unyevu kwenye kona ya jicho. Alimwita Penina kwa sauti iliyowashtua wagonjwa wote. Penina akaja, akagusa chozi lile kwa kidole, akarudi kazini akitabasamu.

Maziwa yalirudi taratibu, wala hayakurudi kama mwanzo. Walipotoka, Josia alimbeba mtoto mwenyewe njia nzima.

"Nilicheka na wale watu," alisema walipofika penye migomba yao. "Sikujua unasikia."

"Nilisikia."

"Basi nisamehe."

Alimsamehe. Lakini waliendelea kunyamaza kuhusu picha, kwa sababu baraza lilikuwa bado la Burhani. Kokugonza aliwaona wanawake wakitoka dukani na makopo, wengine na watoto wachanga kabisa, na kila mara alifungua mdomo, akaufunga. Aliogopa njaa, kwa kuwa alikuwa ameshaijua. Hofu hiyo ilimtia aibu kuliko tumbo lake lilivyowahi kumtia.

Karibu mwaka na nusu baada ya picha kupigwa, mwanamke mmoja aliyevaa baibui alishuka kwenye basi, akauliza nyumba ya fundi. Alibeba mtoto wa wiki chache. Kokugonza alimkaribisha ndani, akampa kigoda. Mgeni alipofunua uso, Kokugonza hakumtambua. Uso ulikuwa umevimba na kupauka, macho yamezungukwa na weusi.

"Dada, hunijui? Mimi Shamsa."

Kokugonza alishika mlango.

Shamsa alikuwa ameolewa Rwamishenye na kijana aitwaye Muharami. Kijana huyo aliiona picha dukani kabla ya kumwona yeye, na ndiyo iliyompeleka kuposa. Sasa Shamsa alikuwa amezaa. Muharami hakusema neno baya, ila nakala ya picha aliitundika chumbani, na ndugu zake wakija huitazama kisha humtazama yeye. Mpiga picha naye alikuwa amerudi kutoka Kampala kutafuta picha mpya. Alimwona Shamsa uani kwa Burhani, akauliza kama ana mdogo wake.

"Mtoto wangu haongezeki," alisema Shamsa. "Nampa Ua Jeupe tangu siku ya pili. Ba mdogo Burhani ananiletea makopo. Nimekuja unieleze, dada, wewe ulimpa kiasi gani? Kopo moja kwa siku ngapi? Wako alikuwa mnene vile. Niambie siri."

Kokugonza alimtazama. "Shamsa, hukuona? Ulikuwa unanirudishia mtoto nyuma ya mlango."

"Niliona unambembeleza. Niliambiwa anakunywa ya kopo. Mimi nilikuwa msichana, nilijua nini?"

Mwanamke wa ukutani mwenyewe aliamini yaliyoandikwa chini yake.

Kokugonza alifunga mlango, akafungua kanga yake, akasimama mbele ya mgeni. Hakuwa amemwonyesha mtu tumbo hilo kwa hiari tangu lilipoanza kumtisha. Michirizi ilikuwepo, ngozi ilikuwa imelegea, na kando palikuwa na alama za kile kitambaa.

"Huyu ndiye mama wa mtoto wa picha," alisema. "Mwili wenyewe ndio huu."

Shamsa alinyoosha mkono, akagusa alama zile. Kisha akafungua baibui lake. Naye alikuwa amejifunga.

Walikata kitambaa hicho kwa kisu cha kumenyea ndizi. Shamsa alilia sana. Baada ya kulia alikula, na baada ya kula Kokugonza alimsaidia kumshika mtoto vizuri kifuani, akamwelekeza kwa Penina zahanati.

"Lakini kwanza tupite dukani," alisema Kokugonza. Alisikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake, akamchukua Kaijage kabla hajabadili nia.

Ilikuwa siku ya soko. Barazani walikuwepo wanawake kama kumi, na Josia kwenye cherehani. Kokugonza alipanda ngazi akiwa na Kaijage mkononi. Alimwomba Shamsa asimame chini ya picha, afunue uso. Watu walitazama juu, wakatazama chini. Minong'ono ikaanza.

"Mnamwona?" alisema Kokugonza. Sauti ilitoka nyembamba, ikabidi aanze upya. "Huyu ni Shamsa. Siku hiyo hakuwa na mtoto wala mume. Mtoto ni huyu hapa, Kaijage, wangu. Alikuwa hajaonja maziwa ya kopo hata siku moja. Hilo tone mnaloliona mdomoni lilitoka kwangu. Mimi walinikataa kwa sababu ya tumbo. Nami nikalichukia tumbo mpaka nusura nimuue mtoto. Nimenyamaza kwa sababu naogopa, na hata sasa naogopa."

Burhani alikuwa ametoka dukani. Alimwona binti wa kaka yake, uso umevimba, mtoto mdogo kama panya kifuani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Shamsa, ingia ndani, jua kali." Shamsa hakuingia.

Josia alisimama, akaanza kukunja nguo za wateja. Hakungoja kufukuzwa.

Burhani hakuitoa picha siku hiyo. Aliitoa baada ya wiki mbili, akasema imechakaa, na baraza akampa fundi mwingine. Kwenye maduka ya Bukoba mjini nakala zake zilibaki miaka miwili, na makopo yaliendelea kuuzwa hata Kagoma. Wapo wanawake waliosema Kokugonza alisema vile kwa wivu. Wapo waliokuja nyumbani kwake kimya kimya, mmoja mmoja, wakimwuliza mambo ambayo hawakuthubutu kuuliza barazani. Josia alishonea chini ya upenu wa nyumba yao, na kwa miezi mingi wateja walikuwa wa kuhesabika. Baadaye alipata nafasi ya kushonea Buganguzi siku za soko.

Mtoto wa Shamsa alipona, msichana. Shamsa alirudi Rwamishenye, akabandua picha chumbani kwa mikono yake, na Muharami alinuna mwezi mzima, kisha akaacha kununa.

Kokugonza alizaa watoto wengine wanne. Hakujifunga tena kitambaa, lakini alikiri kwamba kila alipojifungua, kwa wiki za kwanza alioga amefumba macho.

Kaijage alipoanza shule, mwalimu aliwapanga watoto kwa urefu, naye akawekwa mbele kabisa, kwa kuwa alikuwa mfupi kuliko wenzake wote wa umri wake. Labda angekuwa mfupi hata hivyo. Babu yake wa Buganguzi alikuwa mfupi. Kokugonza alisimama kando ya ua wa shule asubuhi hiyo, akiutazama mstari, akijaribu kukumbuka mtoto alikaa na njaa miezi mingapi. Mwalimu aligonga kengele. Watoto wakaingia darasani, na yeye akabaki pale kidogo kabla ya kwenda shambani.